Naomba ushauri: asili ya jina la upande wa mume

Hamjambo ndugu. Jina nililopata kwa ndoa ni Wafula, la Wabukusu wa magharibi mwa Kenya. Maana si fumbo: hupewa mvulana aliyezaliwa msimu wa mvua. Tatizo ndilo hilo. Ni jina la mtu, si la ukoo, hivyo Wafula wawili huenda wasiwe na undugu wowote (na hapa Nairobi wamejaa tele). Ili kufuatilia ukoo wa mume wangu, kwa kila kizazi naandika jina, ukoo wa mama na kijiji. Kitambulisho cha baba mkwe kimenipa lokesheni (eneo la chifu). Kabla ya kwenda Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue: niombe faili zipi za iliyokuwa wilaya ya North Kavirondo (wilaya ya Wabukusu enzi za ukoloni)? Na rejista za ubatizo za misheni, huandika jina la baba au la Kikristo tu?