Nimemaliza mionzi miezi 7 iliyopita, nataka kutembea Mbeya mpaka Tukuyu kuchangia wagonjwa wenzangu, naombeni ushauri

Mama Viazi Uyole

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za jioni. Mi ni mama wa miaka 47, nauza viazi hapa Uyole. Nilipatikana na saratani ya titi la kushoto, nikakatwa titi pamoja na tezi za kwapani, nikapiga dripu 8 za dawa za saratani, nne za ile nyekundu na nne za ile inayokula miguu, halafu nikaenda Dar kwa mionzi wiki 5. Nimemaliza huu mwezi wa 7 sasa, nameza tamoxifen, dawa ya kuzuia saratani isirudi, kidonge kimoja kila siku na kliniki naenda kila baada ya miezi 3. Sokoni nimerudi japo gunia sishiki tena, nasimama tu vijana wanapakia.

Sasa jambo lenyewe. Kule Dar nilipanga chumba na dada mmoja wa Makete, tunalala godoro moja, kila usiku anafungua fundo la kanga anahesabu hela halafu anafunga tena bila kusema kitu. Tiba haikumshinda jamani, kilichomshinda ni kodi ya chumba, kula, na daladala ya kwenda na kurudi kila siku. Wiki ya tatu naamka alfajiri nakuta keshafunga mizigo, ananiambia dada naenda kuvuna ngano, nikipata hela narudi kumalizia. Akaniachia ndoo yake na kipande cha sabuni ya mche. Hakurudi. Namba yake siku hizi anapokea mwanae, na mi nikipiga nabaki nauliza habari za shule tu.

Ndo nikawaambia wenzangu wa kikoba, tuko 22, tutembee toka Mbeya mjini mpaka Tukuyu, ni kama kilomita 70, siku 3, mwezi wa 9 kabla mvua hazijaanza, watu watuchangie kwa kila kilomita na hela yote iende kwenye nauli na chumba cha wanaopelekwa mionzi. Wamekubali wote. Anayewatia wasiwasi ni mimi. Nyayo zangu zimekufa ganzi toka zile dripu nne za mwisho, mpaka leo ni kama nakanyaga pamba. Juzi natoka shamba baada ya mvua nikafika mpaka mlangoni kwangu, mjukuu ananiuliza bibi ndala nyingine iko wapi, kuangalia mguu wa kulia uko wazi una matope mpaka kifundoni. Ndala ilibaki huko nyuma na mi sikuhisi kitu.

Mdogo wangu anasema nikitembea nisimwite ndugu. Mume wangu yuko kimya, na ukimya wake naujua. Je nitembee yote, nitembee kipande, au nikae nyumbani niandike daftari la michango? Mnaojua naombeni mniambie.

Kaka wa Mafinga

Kamwene dada, pole sana kwa uliyopitia. Mi nakuambia ukweli hata kama utanichukia, usitembee. Mama yangu mdogo alimaliza dawa akawahi kurudi shamba, akadondoka na ndoo ya maji kichwani, kupimwa damu imekwisha mwilini na wala hakuwa amesema kama anajisikia vibaya. Na nyie mkishapona mnakuwa wabishi kweli. Hela inaweza kupatikana bila wewe kutembea, we bado mwili una deni.

Nesi Mstaafu

Mdogo wangu hongera na pole. Kaka hapo juu ana uchungu wa kweli ila kukaa tu nako sio dawa. Zamani tulikuwa tunawaambia wagonjwa wapumzike, siku hizi imebadilika, hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 umewataja waliopona saratani, dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kutembea kwa haraka kunatosha kabisa na kunapunguza ule uchovu unaobaki baada ya tiba. Lakini kilomita 70 kwa siku 3 sio dakika 150 kwa wiki, kwa hiyo usinielewe vibaya.

Kwanza kabisa rudi kliniki useme nia yako waziwazi, usiseme "nataka mazoezi kidogo". Waambie kilomita na siku. Ile dawa nyekundu kwa baadhi ya watu inadhoofisha moyo, na inaweza kujitokeza baadaye sana, hivyo uliza kipimo cha eko ya moyo, ile picha ya kuangalia moyo unavyopiga, na upimwe HB, yaani wingi wa damu. Ukiwa unahema kupita wenzako kwenye kamlima kadogo, au miguu yote inavimba jioni, sema. Tamoxifen nayo inaongeza uwezekano wa damu kuganda, kwa hiyo ukiona mguu mmoja umevimba, nyama ya nyuma inauma na ina joto, au pumzi imekata ghafla, hapo sio suala la kupaka dawa ya kuchua, ni hospitali saa hiyohiyo.

Sasa hiyo ndala. Hiyo ndo imenifanya niandike maana ndo penye hatari yenyewe. Ganzi yako haitakuzuia kutembea, itakuzuia kujua umeumia. Mwenzako akipata lengelenge anasikia anasimama, we utatembea nalo mpaka lipasuke liingie uchafu, jioni unavua soksi unakuta damu. Kwa hiyo miguu yako usiikague kwa kuhisi, ikague kwa macho. Kila kilomita 4 au 5 kaa chini, vua viatu vyote viwili, vua soksi, angalia vidole katikati, angalia kisigino, na kung'uta kiatu hata kama hujasikia kokoto. Kama huoni vizuri chini ya unyayo mpe mwenzako akuangalie, usione aibu. Ndala na raba za kuazima marufuku. Kiatu kizidi kidogo namba yako maana mguu unavimba ukitembea muda mrefu, na ukivae miezi kabla ya safari.

Mkono wa kushoto, kwa kuwa tezi za kwapani zilikatwa, usibebe begi wala chupa ya maji, na usiuache unaning'inia siku nzima, kila baada ya muda uinue, kunja na kunjua vidole. Ukivimba au ukiwa mwekundu wa moto ni kliniki pia. Hapo kifuani palipopigwa mionzi pafunike na jua na sidiria iwe laini isiyo na waya.

Na anza leo, usisubiri mwezi wa 8. Sasa hivi unaweza kilomita ngapi bila kusimama?

Mama Viazi Uyole

Shikamoo mama. Kilomita 4 nazimudu, toka Uyole kuelekea Igawilo na kurudi, ila jioni yake nalala kama nimepigwa. Kifuani naweka ziwa la bandia alilonifumia binti yangu kwa uzi, nikitokwa jasho linakuwa zito linavuta upande mmoja, sikujua kama na hilo naweza kulisema.

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Lisemwe ndiyo. Liwe na la akiba kavu kwenye begi la mwenzako. Na hizo 4 zigeuze ziwe siku 3 kwa wiki kwanza, usiongeze urefu mpaka ile jioni ya kulala kama umepigwa iishe.

Dereva Kasumulu

Mama shikamoo, hiyo barabara naijua usiku na mchana, napeleka mzigo mpakani. Mbeya mjini mpaka Uyole ni barabara kuu ya Tunduma, malori mengi mno, kama mnaweza hicho kipande kifanyeni Jumapili asubuhi au muanzie Uyole kabisa, hakuna atakayewadai. Kutoka Igawilo mnapanda mpaka Isyonje na kule ukungu unashuka ghafla hata mwezi wa 9, dereva anaona kanga yako ukiwa umeshafika kwenye bampa. Tembeeni upande wa kulia ili gari ije mnaiona usoni, mstari mmoja, vizibao vya kung'aa kwa wa kwanza na wa mwisho. Muondoke kukishapambazuka na saa 10 jioni muwe mmeshafika mnapolala. Pale Ntokela baridi inaingia kwenye mifupa, mtu aliyetokwa jasho akisimama nguo imelowa anaumwa, bebeni nguo kavu. Kuanzia Kiwira kwenda Tukuyu hapo afadhali, mnapita kwenye migomba na chai. Mteremko nao unachosha magoti na vidole vinagonga mbele ya kiatu, hilo kwa miguu yako ulifikirie. Na trafiki wajulishwe mapema kwa barua.

Mtunza Hazina

Naongezea la hela maana ndo linalovunjaga vikundi. Michango isiingie kwenye simu ya mtu, fungueni akaunti ya kikundi, watia saini watatu, na kila jioni mtangaze kilichoingia. Halafu dada, waambieni watu mapema kwamba wanachangia kilomita za kikundi, kijiti kinapokezanwa. Hapo ukikaa kwenye gari kilomita 10 hakuna aliyedhulumiwa. Ukijibebesha peke yako 70 utatembea hata pale mguu unapokuambia basi, na wako hausemi.

Mama Viazi Uyole

Nimesoma zote, na hapo kwenye mguu wangu hausemi nimelia kidogo. Nimemsomea mume wangu kwa sauti mpaka mwisho. Kaniuliza kitu kimoja tu, nani atakuwa anaziangalia nyayo. Kabla sijajibu kasema atakuja yeye, atafunga duka siku 3.

Kwa hiyo kliniki ni Jumanne, naenda na karatasi nimeandika kilomita na siku na eko ya moyo. Wakisema hapana nakaa na daftari, wakisema ndiyo natembea kwa kijiti, kupanda Isyonje nawaachia wenzangu, na mi nachukua Kiwira mpaka kitakaponifikisha. Kaka wa Mafinga sijakuchukia hata kidogo, mpe pole mama mdogo.

Kaka wa Mafinga

Alishatangulia dada, mwaka jana. Wakikuruhusu mi nitafika Kiwira. Unavaa kiatu namba ngapi?

Mama Viazi Uyole

Pole sana kaka yangu. 39, ila mama nesi kasema kizidi, kwa hiyo 40.