Tupeane uzoefu: kurudi Ulaya ya Kati kwa baiskeli ukitokea Balkani

Kanyagio (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Maelezo ya kushuka na Mto Danubi kwa baiskeli, Passau hadi Vienna, Budapest mpaka Belgrade, yamejaa kila mahali. Ya kurudi ni haba, kwa sababu watu hudhani kurudi ni kugeuza ramani tu. Sivyo. Anayerudi ana siku alizokwisha kuzila kwenye viza, ana mnyororo uliochoka, ana upepo usoni, na mara nyingi ana tarehe ya ndege inayomsubiri. Mada ni hiyo: Belgrade hadi Passau, kupanda mto. Tuandike yanayopimika, hadithi za safari tuzipeleke kwingine.

Naanza na umbali. Kilomita za Danubi huhesabiwa kutoka mdomoni, Bahari Nyeusi, kwenda juu, na namba zake zimesimikwa kwenye mabango ukingoni kwa ajili ya manahodha. Belgrade ni 1170, Novi Sad 1255, Mohács 1447, Budapest 1647, Komárom 1767, Bratislava 1869, Vienna 1929, Linz 2135, Passau 2226. Kwa anayerudi namba zinapanda, na hata simu ikizima chaji unajua uko wapi. Kwa mto ni kilomita 1056. Njia ya baiskeli, yaani EuroVelo 6, ni ndefu zaidi kwa sababu hujipinda, hasa Serbia na kusini mwa Hungaria. Kwa kilomita 60 kwa siku, tenga wiki tatu na siku mbili tatu za akiba.

Na neno "kupanda" lisimtishe mtu. Belgrade iko kama mita 70 juu ya usawa wa bahari, Passau kama 300. Mita 230 zilizotandazwa kwenye kilomita zaidi ya elfu moja, goti halizioni.

PasiMkononi

Kabla ya upepo na mnyororo, viza. Hapa ndipo safari nyingi za kurudi hufia, na hufia siku ya kuondoka bila mtu kujua.

Serbia haimo Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasi kwenye mipaka baina yao. Ukishatoka Hungaria au Kroatia kuingia Serbia, umetoka. Kama stika ya viza kwenye sehemu ya idadi ya kuingia imeandikwa 1, hurudi tena, hata kama tarehe ya mwisho bado miezi miwili. Inatakiwa iandikwe 2 au MULT. Omba hivyo tangu siku ya kwanza ubalozini, na kwenye ratiba yako onyesha wazi siku ya kutoka na mpaka wa kurudia. Angalia pia idadi ya siku iliyoandikwa kwenye stika. Inaweza kuwa pungufu ya 90. Bima ya afya ya angalau euro 30,000 nayo iwe hai mpaka siku ya mwisho ya kurudi, isiishie siku ya kutoka.

Hesabu ya siku 90 unazoruhusiwa kukaa Schengen ndani ya kila siku 180: siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Mfano, uliingia tarehe 1 Mei, ukatoka tarehe 9 Juni. Hizo ni siku 40. Ukizunguka Serbia na Uturuki ukarudi tarehe 1 Septemba, zile 40 bado zimo ndani ya dirisha la siku 180. Umebakiwa na 50, yaani mpaka tarehe 20 Oktoba. Kutoka nje hakufuti siku. Siku hufutika kwa kuzeeka tu.

Ushauri wa zamani wa "kapumzike Kroatia au Bulgaria wakati siku zinajirudisha" umekufa. Kroatia iliingia Schengen 1 Januari 2023, na Romania na Bulgaria zilikamilisha mipaka ya nchi kavu 1 Januari 2025. Tena tangu 12 Oktoba 2025 kuna mfumo wa kielektroniki wa kusajili kuingia na kutoka. Afisa hahitaji kupekua mihuri, kompyuta inamhesabia.

DadaGia

Naongezea kwa wenzetu wanaoishi Ulaya. Mwenye kibali halali cha makazi cha Ujerumani, kwa mfano, hahitaji viza kurudi Ujerumani, lakini akiwa Austria, Slovakia au Hungaria naye ana siku zake 90 ndani ya 180. Kadi yenyewe aibebe. Picha kwenye simu haimvushi mtu mpakani.

Serbia humruhusu mwenye viza hai ya Schengen au kibali cha makazi kuingia bila viza ya Serbia. Ila mgeni anatakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24. Hoteli na kambi rasmi hukuandikisha zenyewe. Ukilala nyumbani kwa mtu, mwenyeji ndiye mwenye kazi hiyo. Vikaratasi vyake vitunze mpaka uvuke.

Mpaka gani? Achana na vituo vya barabara kuu ya magari kama Röszke, baiskeli haina nafasi pale. Kutoka Sombor, mji wa Serbia karibu na mpaka, una chaguo mbili: Bački Breg kwenda Hercegszántó, unaingia Hungaria moja kwa moja na kuelekea Baja, au daraja la Bezdan–Batina, unaingia Kroatia kisha Mohács. La kwanza ni fupi kwa mwenye haraka.

Joshi

Upepo sasa. Kutoka Belgrade mto unakuongoza kaskazini-magharibi, kisha kaskazini kabisa kutoka Mohács hadi Vác. Baada ya kona ya Vác unageuka magharibi, na huko ndiko unakotoka upepo wa kawaida wa Ulaya ya Kati. Kwa hiyo taabu yenyewe ni Győr hadi Linz, na mbaya zaidi ni tambarare kati ya Győr, Bratislava na Vienna. Ukiona misitu ya mitambo ya umeme wa upepo upande wa Burgenland, jimbo la mashariki mwa Austria, ujue haikusimikwa pale kwa urembo.

Sisi wa Pwani tumezoea kaskazi ikileta na kusi ikirudisha. Pale hakuna msimu wa kukugeuzia. Kuna kimoja tu kinachofanana: košava, upepo wa kusini-mashariki unaopita kwenye korongo la Đerdap kuelekea Belgrade, hasa vuli na baridi. Anayetokea Bulgaria au Romania humsukuma mgongoni. Anayeshuka humuua. Lakini korongoni humo barabara ya upande wa Serbia ina mahandaki mengi kati ya Kladovo na Golubac, na mengine hayana taa. Taa nyekundu ya nyuma iwe inawaka kabla hujaingia, usiitafute ukiwa gizani.

Mbinu za upepo wa usoni:

Anza saa kumi na mbili asubuhi, maliza saa saba mchana. Mara nyingi upepo huamka mchana.

Punguza lengo: aliyekuwa anakwenda 80 kwa siku apange 50 hadi 55. Ukilazimisha mwendo ule ule, nguvu inayotakiwa hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe, na goti ndilo hulipa.

Chagua ukingo. Kati ya Komárom na Bratislava upande wa Slovakia unapita juu ya tuta la mfereji wa Gabčíkovo. Lami nzuri, imenyooka, na hakuna mti. Anayeshuka hufurahi. Anayerudi apite Hungaria, Győr na Mosonmagyaróvár, kwenye vijiji na miti ya Szigetköz. Na ukipita Slovakia, kofia ngumu ni lazima nje ya miji.

Kona ya Schlögen, kabla ya Passau: ukingo wa kaskazini unakatika, unahitaji kivuko, na vivuko vya Austria vingi husimama ikifika mwisho wa Oktoba. Vikishasimama, shika ukingo wa kusini tangu mapema.

FundiSpoki

Nakubaliana na mkuu Joshi, ila baiskeli ya kurudi siyo ile iliyokwenda. Ikaguliwe Belgrade au Novi Sad, siyo siku itakapokatika.

Mnyororo. Chukua rula ya chuma. Weka sifuri katikati ya pini moja, pima pingili 24, za nje na za ndani zote zihesabiwe. Mpya ni milimita 304.8. Ikifika 306.3 umevutika asilimia 0.5: kwa gia 11 au 12 za nyuma, badilisha. Ikifika 307.1 ni asilimia 0.75: kwa gia 8 hadi 10, badilisha. Ikifika 307.8, asilimia 1, umechelewa, sproketi (magurudumu ya meno ya gia) nazo zimeshalika kufuata mnyororo. Hapo kosa la kawaida ni kununua mnyororo mpya peke yake. Utaruka kwenye meno kila ukikanyaga kwa nguvu. Ama badilisha mnyororo na sproketi za nyuma pamoja, ama acha vyote vikuukuu vifike Passau pamoja. Kwa kilomita 1,200 za tambarare, mimi naona la pili ni halali kabisa: safisha, tia mafuta, usiguse.

Spoki. Hukatika gurudumu la nyuma, kwenye kona ya habu (kitovu cha gurudumu). Mzigo ni sababu nusu tu. Nusu nyingine ni spoki zilizolegea. Kila rimu inapokanyaga chini, spoki ya chini inapungua mkazo, kisha inakaza tena. Iliyolegea hucheza zaidi, chuma kinachoka. Bana mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote. Inayobonyea kuliko wenzake wa upande huo huo, kaza robo mzunguko.

Ikikatika upande wa gia, huwezi kupitisha mpya bila kufungua sproketi. Kwa hiyo beba spana yake ya kufungulia, na spoki tatu za kila urefu (kulia na kushoto haziko sawa), zifunge kwa tepu kwenye fremu. Ikikukuta barabarani: toa iliyokatika au izungushie kwenye ya jirani, kisha legeza nusu mzunguko zile mbili za pembeni zinazotoka upande wa pili wa habu. Rimu inarudi katikati kiasi cha kutogusa breki. Tembea hivyo hadi mjini, mizigo ihamie mbele.

Breki za rimu: weka rula kwenye ukuta wa rimu. Ukiona mwanga katikati, ukuta umelika. Rimu ya hivyo hupasuka na tairi. Breki za diski: chini ya nusu milimita ya pedi, tupa.

MzeeFoniksi

Mkuu Fundi umesahau mtego unaotukamata sisi hasa. Kwetu tairi ya inchi 28 ni ile ya Foniksi: 28 x 1½, namba yake kamili 635. Ukiingia duka la Vienna ukasema "inchi 28" utapewa 622. Tofauti ni milimita 13 za kipenyo, haivaliki hata kwa vijiko vitatu. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, mfano 47-622: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu. Taja hiyo ya pili.

Kwa mzigo wa kilo 20 hadi 25, upana wa 42 hadi 50 unatosha, kwa upepo wa bar 3 hadi 3.5. Vali ya gari hujazika kituo chochote cha mafuta. Ukiwa na Presta, ile vali nyembamba, beba kiunganishi chake. Ni kidogo kuliko kifungo cha shati.

Kanyagio

Shukrani wakuu. Mzee, hilo la 635 nalibandika juu. Kuna aliyeuliza kuhusu maji na chakula.

MamaTermosi

Jumapili maduka makubwa ya Austria na Ujerumani hufungwa. Nunua Jumamosi kabla ya jioni. Ukisahau, jaribu vituo vya treni na vya mafuta, kwa bei ya kukuliza. Hungaria hufungua.

Maji: makaburini. Msishtuke. Makaburi ya Austria, Ujerumani na Hungaria huwa na bomba kwa ajili ya kumwagilia maua. Mkikuta "Kein Trinkwasser", si ya kunywa.

Chupa za plastiki msizikunje. Ujerumani na Austria (tangu 1 Januari 2025) kila chupa yenye alama ina amana ya senti 25, Slovakia senti 15, Hungaria forinti 50. Lakini amana haivuki mpaka, rudisheni nchi ile ile. Na dinari za Serbia zimalizeni kabla ya kuvuka.

Baridi: wakulima wa huko hawapandi nyanya nje kabla ya katikati ya Mei, kwa kuogopa jalidi. Kwa mwenye hema ni kalenda nzuri kuliko programu ya simu.

RelinaBaiskeli

Siku zikipungua, panda treni bila aibu. Budapest–Vienna kwa Railjet, treni ya kasi, baiskeli lazima iwekewe nafasi, nafasi ni chache, na kiangazi huisha mapema. Ukikosa, tumia treni za mkoa: hadi Hegyeshalom mpakani, kisha nyingine kwenda Vienna. Ujerumani treni za mkoa, RB na RE, hubeba baiskeli kwa tiketi yake bila kuweka nafasi, ila epuka saa za watu wa kazini. Vua mifuko kabla treni haijafika, pandisha baiskeli kwanza.

Wa ndege: omba boksi kwenye duka la baiskeli siku tatu kabla. Pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa, kinyume cha mazoea. Wengi huivunja hapo. Toa gurudumu la mbele, weka kipande cha mti au plastiki kati ya uma ili usibanwe, fungua kishika mnyororo cha nyuma (kile kinachohamisha gia) kining'inie ndani ya fremu, punguza upepo wa tairi. Mtungi wa gesi ya jiko hauendi, na chupa ya mafuta ya jiko inayonuka inaweza kukataliwa.

DadaGia

Na za umeme? Betri za baiskeli.

RelinaBaiskeli

Zaidi ya saa-wati 160 haipandi ndege ya abiria, dada. Za baiskeli nyingi ni 400 kwenda juu. Betri iuze au iache Ulaya, fremu iende peke yake.