Mtandao ulipozimwa ulikuwa wapi? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Kimara
Wakuu, jana usiku huku kwetu intaneti ilikata ghafla, labda nusu saa tu. Mke wangu hakuuliza kitu. Aliingia jikoni akaanza kujaza maji kwenye madumu, akanituma dukani nikachukue unga na mkaa kabla hawajafunga. Nafika nakuta foleni, kila mtu ameshika simu anamuuliza mwenzake "kwako inashika?" Kumbe si sisi peke yetu tunaotembea na 29 Oktoba 2025 mwilini, ile siku ya uchaguzi mkuu hapa Tanzania, watu walipoingia barabarani na intaneti ikazimwa nchi nzima. Naomba tuelezane: siku ile ilikukuta wapi, na kilikupata nini? Wa nchi nyingine pia karibuni, najua haya hayakuanzia kwetu.

Wakala Mbagala
Mimi nina kibanda cha kuweka na kutoa pesa. Mchana wa siku ile ya kura mambo yakaanza kugoma, jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili, nikafunga. Kuanzia kesho yake watu wakawa wanagonga mlango wa nyumbani. Mama mmoja ana laki mbili kwenye simu, mtoto ana homa, na mkononi hana hata elfu moja. Mimi noti ninazo kidogo, lakini muamala haupiti, na ukipita ujumbe wa kuthibitisha hauji. Nikawa natoa kwa kuaminiana, naandika kwenye daftari. Karibu wote walirudisha, Mungu awabariki. Ila pesa zenu msiziache zote kwenye simu.

Mama Lishe Temeke
Hapo kwenye noti ndipo tulipoumia. Kweli tupu.

Binti wa Tanga, Muscat
Sikupanga kuandika, lakini hilo la foleni dukani limenirudisha.

Nafanya kazi za ndani Muscat. Mama yuko Manzese na mdogo wangu wa kiume. Asubuhi ya 29 tuliandikiana, akasema anatoka mara moja anarudi. Baada ya hapo tiki moja. Kila ujumbe niliotuma, tiki moja. Simu ya kawaida ya mama mara iite, mara isiite. Mara ya kwanza aliyopokea alisema neno moja tu, "hajarudi", ikakatika. Nikabaki na neno hilo napika chakula cha watu, naogesha watoto wa watu, huku kichwani nakumbuka nguo zake: ana fulana ya kijani, ana raba nyeupe, ana saa niliyompelekea mwenyewe.

Mtandao uliporudi, 3 Novemba, siku ile Rais alipoapishwa Dodoma, simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Nikajua ni yeye. Zilikuwa picha. Kila kundi nililomo, picha. Watu wamelala barabarani. Nikajifungia bafuni, nikakaa sakafuni, nikawa nakuza moja moja. Sura sikuzitafuta, maana nyingine hazikuwa za kutambulika. Nilitafuta fulana ya kijani. Na niliiona. Nikaikuza mpaka ikawa rangi tupu, nisijue kama ni yake au ya mtoto wa mwanamke mwingine. Nikamtumia shangazi yangu wa Tandale anisaidie kuangalia. Akanipigia, anaongea kwa kunong'ona: "Mwanangu, futa hiyo picha, huku tumetumiwa ujumbe kwenye simu tusisambaze picha za kutia watu hofu." Sasa ndugu zetu tungewatambuaje?

Mkazi wa Kimara
Dada, alipatikana?

Fundi Simu Kariakoo
Dada rudi utuambie tafadhali.

Mzalendo Dodoma
Poleni wote. Lakini tuseme na upande wa pili. Picha nyingine zilizokuwa zinazunguka ni za zamani, nyingine za nchi nyingine. Serikali yenye dhamana ya watu zaidi ya milioni sitini ifanye nini wakati uongo unasambaa kila dakika na watu wako barabarani? Kuzima ilikuwa njia ya kuokoa roho.

Fundi Simu Kariakoo
Roho ipi? Mtaani kwetu uongo ulizidi baada ya kuzima. Tuliambiwa maji yametiwa sumu, tukaambiwa fulani amekimbia nchi, tukaambiwa duka la nani linachomwa usiku huo. Hakuna wa kumpigia video akuonyeshe barabara ilivyo. Redio na televisheni zinapiga muziki. Na mtandao wa X ilikuwa imeshafungwa tangu Mei, jukwaa la JamiiForums likasimamishwa siku 90 mwezi Septemba, hata kampeni hazijaisha. Hao uongo wao ulikuwa upi?

Mzalendo Dodoma
Usiniwekee maneno mdomoni. Nimesema kuzima siku ya vurugu. Hayo ya Septemba sikuyagusa.

Mkaguzi wa zamani, Nairobi
Naomba niingie hapo, kwa sababu nyote wawili mnaigusa kazi niliyoifanya. Nilikuwa nakagua maudhui ya mtandao mmoja mkubwa, ofisi ilikuwa Nairobi. Kazi yenyewe ni kutazama watu wakichinjwa tangu asubuhi mpaka jioni na kubofya: hii itoke, hii ibaki. Wa Kiswahili tulikuwa wachache, na zilikuja lugha ambazo mezani petu hapakuwa na anayezielewa. Kwa hiyo ndugu wa Dodoma ana hoja, uongo unaua. Ethiopia, Profesa Meareg Amare alipigwa risasi nje ya nyumba yake Bahir Dar, Novemba 2021, baada ya watu kumwandika kwenye Facebook kwa chuki. Mwanawe na wenzake wakaishtaki Meta, wenye Facebook, huko Nairobi Desemba 2022, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Njia ni hiyo: umbane mwenye mtambo, aajiri watu wanaojua lugha zetu, awalipe. Ukizima nchi nzima, mwenye mtambo hapotezi usingizi. Aliyeumia ni huyo dada bafuni.

Mama Lishe Temeke
Umesema.

Bwana Mizigo, Mutukula–Kampala
Uganda tulipita hapo mapema. 2016 walifunga na pesa za simu. Januari 2021 Facebook ilitangulia kufungwa, kesho yake jioni, mkesha wa kura, intaneti yote ikakatwa, ikarudi tarehe 18. Nilikuwa na lori la ndizi Kampala, mnunuzi yuko tayari, pesa haivuki kutoka kwake kuja kwangu. Ndizi hazisubiri matokeo. Kabla ya hapo, tangu Julai 2018, tulikuwa tunalipa shilingi 200 kila siku ili kuingia WhatsApp. Kila mtu akajifunza VPN, ile programu ya kukupitisha njia nyingine ukifungiwa mtandao. Wekeni VPN mapema.

Fundi Simu Kariakoo
Mkuu, VPN inasaidia mlango mmoja ukifungwa. Barabara yenyewe ikikatwa, VPN itapita wapi? Halafu kwetu tangu 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka wanaozitumia wajisajili. Wateja wangu walikuja wanalia wamelipia VPN na haifanyi kazi.

Bwana Mizigo, Mutukula–Kampala
Kwetu ilifanya kazi miaka yote hiyo.

Fundi Simu Kariakoo
Tarehe 14 Januari 2021 ilifanya kazi?

Mwana Goma
Jambo yenu. Sisi tulipiga kura 30 Desemba 2018, kesho yake intaneti ikakatwa, na ujumbe mfupi pia, na redio ya RFI wakaikata. Karibu siku ishirini. Goma tulikuwa na bahati ya mpaka: ukikaribia baryeri, kizuizi cha mpakani, unanunua kadi ya simu ya Rwanda, unasimama upande wetu unashika mawimbi ya Gisenyi. Jioni utadhani kuna mkutano pale, watu wamesimama wamenyanyua simu. Beni na Butembo hawakuwa na hilo, na kura yenyewe walikuwa wamenyimwa. Ushauri wangu: hamieni karibu na jirani mwenye antena ndefu.

Binti wa Tanga, Muscat
Nimeona mnauliza. Yuko hai. Amri ya kutotoka nje ilimkuta kwa rafiki yake Mburahati, simu ikazima chaji, akaogopa kuvuka. Alitembea kurudi Manzese asubuhi. Alikuwa amevaa shati jeupe.

Ile fulana ya kijani sijui ni ya mtoto wa nani. Namwombea mpaka leo.

Mkazi wa Kimara
Alhamdulillah kwa wako. Na huyo mwingine Mungu amrehemu.

Mzalendo Dodoma
Pole sana dada. Hilo sina la kulijibu.

Mwanafunzi wa Sheria, Arusha
Kwa wanaosema hakuna pa kulalamika: Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua kwamba Togo ilivunja haki ya watu kujieleza ilipozima intaneti 2017, ikatakiwa ilipe fidia. Walioshtaki ni mashirika ya kiraia na mwandishi wa habari. Kwa hiyo tunzeni ushahidi: daftari la wakala, risiti za ndizi zilizooza, tarehe na saa.

Wakala Mbagala
Daftari ninalo. Nyumbani kwako weka pia namba za ndugu kwenye karatasi, na simu moja ya vitufe.

Mama Lishe Temeke
Na mkaa.

Mvuvi Kigoma
Mwana Goma, hilo la kadi ya jirani limenigusa. Kuna aliyejaribu ya Burundi akiwa Manyovu?

Mwalimu, Kasulu
Inashika ukipanda juu kidogo. Ila nao siku ya uchaguzi wao, 20 Mei 2020, walifunga mitandao ya kijamii. Ulizia kwanza wao wanapiga kura lini.