Muuza vitabu kaniambia "Kiingereza kinakusumbua" mbele ya grupu zima!!!

MamaNasra_Tabata:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule dada wa vitabu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa "habari za asubuhi wapenzi wasomaji", kikombe cha chai pembeni ya maua ya plastiki. Huyo huyo.

Binti yangu yuko kidato cha pili, akaomba kitabu kinaitwa Icebreaker. Natazama jalada: vijana wamechorwa kama katuni za Jumamosi asubuhi. Nikamuuliza dada, hiki kinafaa mtoto wa miaka 14? "Ndiyo mama, ni cha vijana, mapenzi ya kawaida tu na michezo ya kwenye barafu." Michezo ipo kweli wakuu, ila si yote ya kwenye barafu.

Kitabu kikafika, kikawekwa mezani sebuleni. Baba mkwe yupo, mwalimu mstaafu, kaja mjini kutibiwa macho. Mzee huyu akikuta maandishi lazima asome kwa sauti, hata karatasi iliyofungia vitumbua. Akafungua katikati. Sentensi ya kwanza, ya pili. Ya tatu akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa, akarudia kimoyomoyo. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama Nasra, hiki ndicho cha ule mtaala mpya?"

Ardhi haikupasuka, nilisubiri.

Nikaingia kwenye grupu lake, wazazi kibao humo, nikauliza kistaarabu. Jibu lake hili hapa: "Pole mama, labda Kiingereza kinakusumbua." Mimi! Nasoma hati za mizigo bandarini tangu yeye hajui hata kubandika stika! Na kale kakatuni kanakocheka mpaka machozi akakaweka. Watu wakagonga mioyo. KINAKUSUMBUA. Baba mkwe kaondoka na basi la alfajiri, eti macho yamepona. Mimi nimebaki na kinakusumbua.

Kobe_Mzee:
Punguza povu mleta mada. Ukurasa wa ngapi?

Mwalimu_Chaki:
Jalada la katuni siku hizi lisikudanganye. Hicho kilitoka 2022, ni cha watu wazima. Wahusika wenyewe wako chuo kikuu, na ukiona mapenzi ya wanachuo shtuka mapema. Vitabu vya vijana vya Marekani, vingi huandikwa umri kwenye jalada la nyuma au ukurasa wa haki miliki. Kuna tovuti ya Common Sense Media, inakutajia umri, mapenzi yamefika wapi, matusi, pombe, kabla hujatoa hela. Na kabla ya kumkabidhi mtoto, fungua katikati kama mzee alivyofanya, maana sura ya kwanza huwa wote wanasalimiana tu. Simu yake nayo umeikagua? Wattpad, ile app ya kusomea hadithi, huko ni bure.

MamaNasra_Tabata:
Mwalimu, sijaomba semina. Nimeambiwa KINANISUMBUA.

Kobe_Mzee:
Kwani kinakusumbua?

BabaJuma77:
2023 wizara ilipiga marufuku Diary of a Wimpy Kid mashuleni, mtoto mtukutu wa katuni. Hiki kimepita getini kwa bodaboda na risiti juu. Nchi hii!

Mjukuu_wa_Fundi:
Acheni unafiki. Sisi chombezo tumezisoma kwenye magazeti ya udaku chini ya dawati, darasa la sita, tena inakatwa patamu, "itaendelea wiki ijayo". Mbona tumekua vizuri?

BintiPwani:
Wewe unayekopa humu kila mwisho wa mwezi ndiye umekua vizuri?

Mjukuu_wa_Fundi:
Madeni hayahusiani na chombezo.

Kimya_Kingi:
Mwenye PDF aitupie hapa tuhakikishe kama kweli hakifai.

BintiPwani:
Mimi huyo dada ninalo langu. BEI HAANDIKI. "Njoo inboksi mpenzi." Ukifika inboksi anakuuliza kwanza unakaa wapi.

BabaJuma77:
Kumbe si mimi peke yangu! Nilisema Mbagala, nikapewa elfu 25. Shemeji yangu kasema Mikocheni, kitabu hicho hicho elfu 40.

Kobe_Mzee:
Yote tisa, kumi hela ya bodaboda. Anakwambia usafiri ni juu yake, kijana akifika mlangoni anadai elfu tano na chenji hana.

BintiPwani:
Chenji hawanaga hao, wanazaliwa hivyo.

MamaNasra_Tabata:
Jamani turudi kwenye mada. Mtoto wa miaka 14! Mbele ya baba mkwe!

BabaJuma77:
Tumekusikia dada. Wewe ulilipa ngapi?

MamaNasra_Tabata:
Elfu 38. Kwa nini?

BabaJuma77:
Tabata?

MamaNasra_Tabata:
Ndiyo.

Kobe_Mzee:
Umepigwa.