Yule wa "HABARI ZA HIVI PUNDE", leo umemkosea mama yangu

Wakuu, naandika nikiwa nimevurugwa. Wasimamizi, tafadhali msiuhamishie uzi huu jukwaa la vichekesho, sijaja kuchekesha mtu.

Simtaji. Mnamjua. Yule mwenye tiki ya bluu, kila kitu herufi kubwa, ving'ora vyekundu mwanzoni na mishangao kumi mwishoni. Yule akisikia mlango umebamizwa anaandika MLIPUKO. Kama humjui, basi simu yako ni ya kuwashia tochi tu.

Asubuhi kaposti: daraja limekatika, basi limo majini, WENGI WAHOFIWA KUFA. Kaka yangu ni dereva wa basi na njia yake inapita palepale. Simu haipatikani, maana akiwa kwenye usukani huwa anaizima, siku zote. Bi mkubwa kuisoma tu ile posti, miguu ikamwisha nguvu, akakaa sakafuni. Halii, hasemi, anatikisa kichwa tu.

Nikaikuza ile picha. Kona ya chini kulia kuna nusu ya nembo ya televisheni, imekatwa vibaya, herufi moja na nusu zimebaki. Halafu usukani wa lile basi uko upande ambao mabasi yetu hayana! Nikaitafuta mtandaoni kwa picha yenyewe, ikaja: ya miaka mingi nyuma, nchi nyingine, mto mwingine. Nikamwekea kiungo pale chini, kwa adabu zote: "Ndugu admini, picha hii ni ya zamani, tafadhali rekebisha, watu wana ndugu zao barabarani."

Akajibu: "Wivu tu. Fungua peji yako."

Fungua peji yako! Mama yuko sakafuni, jitu zima linaniambia fungua peji yako! Na vikaragosi vitatu vya kucheka mpaka machozi. Laiki zikamiminika. Kisha akanipiga bloku.

Daraja lipo, halijapata hata mkwaruzo wa maana. Gari dogo liligonga kingo, foleni ikawa ndefu, basi. Mchana kaka akapiga mwenyewe kuuliza kuna nini, mbona simu zote hizi.

Masahihisho yake nimeyaona kwa simu ya mdogo wangu. Kayaweka kwenye stori, ile inayofutika baada ya saa 24, maandishi ya kijivu juu ya weusi: "Taarifa ya awali imeboreshwa." Imeboreshwa! Posti yenyewe haijaguswa, bado watu wanaisambaza na kuandika "Mungu awapokee".

Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, waliandika kwenye jarida la Science mwaka 2018, baada ya kupitia habari zilizosambaa Twitter kuanzia 2006 hadi 2017: habari ya uongo ina uwezekano wa asilimia 70 zaidi kusambazwa tena kuliko ya kweli, na ya kweli inachukua muda mara sita hivi kuwafikia watu 1,500. Yeye ndio kwanza anaupa uongo posti ya kudumu, ukweli anaupa siku moja. Lakini hata hayo tuyaache. Niambieni tu: mama wa mtu kakaa sakafuni, unamjibu mwanawe FUNGUA PEJI YAKO?

Siti_ya_Mbele: Nimewahi. Endeleeni.

Kifaa_Chenji: Mkuu, povu lote hili, si ungefungua tu hiyo peji?

Mleta mada: Wewe ndiye yeye, umekuja na akaunti nyingine.

Bibie_Mtulivu: Pole sana kwa mama. Huyo huyo alimuua msanii mmoja asubuhi, jioni msanii akaingia laivu anakula. Unajua aliandika nini? AFUFUKA!!!

Mzee_wa_Data: Tena kuna yule papa anayeogelea barabarani. Mafuriko yakitokea popote duniani, papa huyo yupo. Alionekana Houston kwenye Kimbunga Harvey 2017, na alikuwa anazunguka tangu 2011. Picha ya kutengeneza, na bado kila mara anapata waumini wapya.

Kona_Nne: Msilaumu mitandao yote. Ndege ilipotua Mto Hudson, New York, Januari 2009, picha iliyozunguka dunia ilipigwa na abiria wa kivuko akairusha Twitter. Na mleta mada kaujua ukweli kwa mtandao huohuo.

Mleta mada: Sijalaumu mitandao. Nimelaumu mtu. Nilimletea ukweli mkononi, akanicheka mama akiwa sakafuni.

Mzee_wa_Data: Aprili 2013 akaunti ya Twitter ya AP, shirika la habari la Marekani, ilidukuliwa, ikaandika milipuko White House, Obama kajeruhiwa. Soko la hisa likaporomoka kwa dakika chache. Lakini AP walitoka mbele wakasema wazi kuwa si kweli. Hakuna aliyeambiwa ana wivu.

Kifaa_Chenji: Heri yenu mna peji. Mimi nina mjomba kwenye grupu la ukoo. "Nimetuma kama nilivyopokea." WhatsApp walipunguza 2019, mwisho kusambaza sehemu tano kwa mara moja. 2020 wakasema ujumbe uliozunguka sana uende moja moja. Mjomba anatuma moja moja, ana subira ya mvuvi.

Bibie_Mtulivu: Mjomba angalau anaandika. Shangazi yangu anatuma sauti ya dakika tisa. Habari yenyewe iko dakika ya nane, kabla ya hapo ni salamu na mafua.

Siti_ya_Mbele: Hao wote watakatifu. Kuna mtu anakutumia "Umesikia?" usiku wa manane, unamuuliza nini, hajibu mpaka kesho.

Kona_Nne: HAO! Hao ndio wa kushtakiwa! Unaanza kuhesabu ndugu zako wote kitandani.

Mleta mada: Wakuu, tusitoke kwenye mada. Ile posti ya daraja bado ipo, nendeni mkairipoti.

Kifaa_Chenji: Wangu aliandika "Umesikia?" halafu chaji ikamwishia.

Bibie_Mtulivu: Wa kwangu aliandika, akafuta. "Ujumbe huu umefutwa." Sikulala.

Siti_ya_Mbele: Nimewaanzishia uzi wao, uko pale juu. Njooni na ushahidi.