Tunaandika upya wasifu wa baba, mstaafu wa Jiji: kazi ya taka itajwe au isitajwe?

Binti wa Tabata:

Ndugu wasomaji, salaam.

Mwezi ujao familia yetu itakuwa na misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu baba yetu afariki dunia, na mimi, mtoto wake wa pili, nimepewa kazi ya kuandaa kijitabu kidogo kitakachogawiwa kwa waalikwa. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi uliandikwa usiku na wajomba wawili wa kamati, mama akiwa hana nguvu za kuulizwa chochote, nao ulikuwa kama wasifu mwingine wowote tunaousikia misibani: alizaliwa Matombo, Morogoro, mwaka 1950, alisoma huko hadi darasa la nane, aliajiriwa na Jiji la Dar es Salaam mwaka 1979, alistaafu mwaka 2010, ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Hakuna neno la uongo ndani yake. Lakini niliposimama pale kaburini nikiusikiliza, ilikuwa kama ninamsikiliza mtu wa familia nyingine.

Nina mambo matatu yanayonitatiza.

La kwanza ndilo zito. Baba alikuwa msimamizi wa magari ya taka, na miaka yake ya mwisho kazini aliimalizia dampo. Kaka yetu mkubwa, ambaye namheshimu na ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama za msiba, anataka tuandike kwamba baba alikuwa "mtumishi wa Jiji" na tuishie hapo, kwa kuwa wakwe zake watakuwepo na kwa kuwa, kwa maneno yake, marehemu husitiriwa. Simlaumu. Shuleni tuliitwa watoto wa gari la taka, na yeye aliyetangulia ndiye aliyeitwa hivyo kwa muda mrefu zaidi.

La pili ni mwajiri. Barua za baba, ambazo mama amezitunza kwenye sanduku la bati, zina vichwa tofauti: Halmashauri ya Jiji, Tume ya Jiji, kisha Halmashauri ya Jiji tena. Tuandike ipi?

La tatu ni kanisa. Nina orodha ndefu ya nafasi alizoshika katika jumuiya na parokiani, na nikiisoma naona vyeo vitupu.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mstaafu Mwenzake:

Mwanangu, pole sana, na shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuiandika.

Jina la baba yako hukulitaja, na umefanya vyema, kwa hiyo sitasema kwamba nilimfahamu. Kazi yake ninaifahamu. Nianze na swali la pili, kwa kuwa ndilo lenye jibu la moja kwa moja. Halmashauri za miji zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Serikali ilipopeleka madaraka mikoani, kisha zikarudishwa mwaka 1978. Kwa hiyo baba yako, aliyeingia 1979, aliingia katika nyumba ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaezekwa upya. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Jiji chini ya Mzee Charles Keenja, iliyofanya kazi hadi mwaka 2000, zilipoanzishwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Jiji likabaki na yale mambo yanayovuka mipaka ya manispaa, dampo likiwa mojawapo, na bila shaka ndiyo sababu baba yako alimalizia huko. Februari 2021 Jiji lile nalo likavunjwa, na hadhi yake ikahamia iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kijana akisoma leo kwamba babu yake alikuwa mtumishi wa Jiji la Dar es Salaam atadhani alikuwa akiripoti Ilala. Mimi ningeandika: "Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kama ilivyokuwa wakati huo," na ningeitaja Tume kwa miaka yake minne, kwa sababu hakuna aliyefanya kazi kipindi kile aliyekisahau.

Sasa la kwanza. Ninakuomba usiandike "msimamizi wa magari ya taka" ukaweka nukta, maana hata hilo msomaji hataelewa ni nini. Msimamizi wa magari ndiye aliyekuwa akifika kabla ya watu wote. Saa kumi alfajiri yuko yadi na daftari la mahudhurio, anahesabu dereva gani amefika na utingo gani hajafika, gari lipi limewaka na lipi linasukumwa, dizeli imetoka lita ngapi na imeenda wapi. Magari yalikuwa machache kuliko mji, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu kubwa ya taka za Dar es Salaam haikuwa ikizolewa kabisa. Maana yake ni kwamba kila alfajiri mtu huyo alilazimika kuamua: leo twende Kariakoo, ambako mabaki ya nyanya na samaki yameshaanza kuchemka, au twende kwenye kontena la mtaa fulani, ambako mjumbe wa nyumba kumi amekuja kulalamika kwa mara ya tatu? Popote atakapopeleka gari, kwingine atatukanwa. Kisha zije mvua kama zile za El Niño za mwaka 1997 na 1998, kipindupindu kikiwa mjini, barabara ya dampo imegeuka tope, na gari lenye mzigo limezama hadi ekseli. Watu wa magari hawakulala nyumbani siku nyingi kipindi kile. Muulize mama yako kama anakumbuka.

Na dizeli, mwanangu. Katika kazi yoyote yenye magari, dizeli ni kitu chepesi kupotea. Mtu aliyeshika daftari la dizeli kwa miaka mingi akastaafu akiwa hajawahi kuitwa kuhojiwa, hilo liandike, hata kama ni kwa sentensi moja. Waliofanya kazi hiyo watakaposoma watajua umemsema mtu wa namna gani.

Mkazi wa Zamani:

Nimeona jina ulilolitumia, dada, nami nimekulia Tabata, kwa hiyo naomba niulize jambo ambalo huenda likawa gumu kwako. Je, mlikuwa mkiishi Tabata wakati wa dampo?

Ninauliza kwa sababu sisi tuliokuwa watoto pale tunaukumbuka moshi uliokuwa ukifuka usiku kucha, nzi kwenye chakula, na kikohozi ambacho wazazi wetu walikiita kwa jina la dampo lenyewe. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu wakitaka dampo liondolewe, nalo ni shauri ambalo wanafunzi wa sheria wanalisoma hadi leo, kwa kuwa mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa ombi la Jiji la kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga taka, akaitaja haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Marehemu baba yangu alikwenda kusikiliza shauri hilo akiwa amevaa suti yake ya harusi. Tulishangilia sana. Baadaye nilipokua ndipo nilipotambua kwamba taka zile zilikwenda kwa wenzetu wa Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, na kwamba kila mahali palikuwa na watoto kama sisi.

Kama baba yako aliishi Tabata huku akilifanyia kazi Jiji, basi alikaa pande zote mbili za shauri lile. Sijui kama ni jambo la kuweka katika kijitabu cha misa. Lakini mimi ningependa kujua alisema nini.

Katekista:

Tumsifu Yesu Kristo.

Kuhusu orodha ya vyeo, nikushauri kwa uzoefu wa miaka mingi ya kusikiliza wasifu zikisomwa: chagua jambo moja alilolifanya, si nafasi aliyoishika. Kuandika kwamba alikuwa mweka hazina wa jumuiya kwa miaka kadhaa ni sawa na kuandika kwamba alikuwa na namba ya simu. Ukiandika kwamba kila Jumamosi asubuhi alipita nyumba za wagonjwa akiwa na daftari la michango ili wasijione wameachwa nje, umemwandika yeye. Kumbuka pia kwamba maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa ajenda yao kuu mwaka 1976, na baada ya hapo watu wa rika la baba yako ndio waliozipa miguu mitaani: wakatafuta nyumba ya kukutania, wakakopa mabenchi, wakabembeleza majirani waje. Kama alikuwa mmoja wa waanzilishi wa jumuiya yenu, hilo lina uzito kuliko cheo chochote kilichofuata.

Tahadhari moja. Mwongozo wa Misa ya Kirumi unataka mahubiri ya misa ya mazishi yasigeuke kuwa hotuba ya kumsifu marehemu, na maparoko wengi hutumia busara hiyo hiyo katika misa za kumbukumbu. Mwone paroko mapema. Kwa kawaida utapewa dakika chache baada ya komunyo. Hapo soma nusu ukurasa, na marefu yote yabaki kijitabuni.

Kuhusu kusitiri, nitasema kidogo tu, kwa kuwa sipendi kuingia kati ya ndugu. Tunasitiri dhambi za marehemu, na tunasitiri ugonjwa wake akiwa ameomba hivyo. Kazi halali iliyowasomesha ninyi watano sijawahi kuiona katika orodha hiyo.

Mzaliwa wa Kwanza:

Naomba niseme kwa niaba ya kaka yako, kwa sababu wote mnaoandika hapa mnaona jambo hili ni jepesi.

Mimi pia ni mtoto wa kwanza, na mama yangu alikuwa akifagia barabara. Mtoto wa kwanza huijua aibu kabla wazazi hawajapata maneno ya kuieleza. Wadogo zake wanapoanza kusimulia kwa fahari, wanasimulia jambo ambalo makali yake yalishapunguzwa na mgongo wa mwingine. Usimshinde kaka yako kwa hoja za watu wa mtandaoni. Mpelekee rasimu, mwachie nafasi tupu pale kwenye aya ya kazi, umwambie ajaze yeye. Akiandika "mtumishi wa Jiji" peke yake, basi heshimu, kwa maana naye ni mtoto wa marehemu.

Binti wa Tabata:

Nawashukuru wote, na Mzee Mstaafu, shikamoo, naomba unisamehe kwa ile niliyoisahau.

Nilikaa na mama jioni mbili nikiwa na maswali yenu. Mvua za mwaka ule anazikumbuka: anasema baba alikaa siku nne bila kurudi nyumbani, na siku ya tano alirudi akiwa na gambuti mguu mmoja, mwingine ukiwa umebaki kwenye tope. Kuhusu dizeli alicheka, akaenda chumbani, akarudi na madaftari sita ya baba mwenyewe, ya akiba, ambayo alikuwa akinakili nyumbani kila jioni kile alichokwisha kukiandika kazini, "ili siku wakinisahau wao, nisijisahau mimi." Tutapiga picha ukurasa mmoja uwe jalada la nyuma.

Ndugu Mkazi wa Zamani, ndiyo, tuliishi Tabata. Mama anasema swali lako aliulizwa baba jumuiyani mwaka huo huo wa 1988, mbele ya watu, na mwanamke ambaye mtoto wake alikuwa haachi kukohoa. Baba alijibu: "Mimi napeleka taka ninakoambiwa, na usiku moshi ule nauvuta kama ninyi." Kisha, anasema mama, alikaa kimya hadi sala ya mwisho, na wiki iliyofuata alikwenda kwa mwanamke yule kumpeleka mtoto hospitali kwa nauli yake mwenyewe. Dampo lilipohamishwa hakushangilia, kwa sababu kesho yake alfajiri ni yeye aliyeyaelekeza magari Vingunguti. Nimeliandika lote hilo, pamoja na shauri, kwa aya moja. Paroko amelisoma na hakufuta kitu, ila ameniomba nisilisome kanisani.

Nafasi za parokiani nimezifuta zote isipokuwa moja: kwamba jumuiya yetu ilianza kukutana uani kwetu, kwenye mabenchi ambayo baba aliyaunganisha kwa mbao alizozinunua kwa fundi mmoja wa Buguruni, na mawili kati yake yanakaliwa hadi leo.

Kwa kaka nilifuata ushauri wa Mzaliwa wa Kwanza. Nilimpelekea rasimu ikiwa na nafasi tupu, na kwa siku tisa hakunijibu. Jana alinirudishia. Ameandika kwa mkono kwamba baba alikuwa msimamizi wa magari ya taka ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kwamba hakuwahi kuingia ndani wala kumshika mtoto kabla hajaoga uani kwa sabuni ya mche. Na kwamba kazi ya mtoto wake wa kwanza, kila siku kabla ya saa kumi na moja jioni, ilikuwa kuhakikisha ndoo imejaa maji.