Jina linakosewa kila mahali: kwenye simu, kwenye fomu, kwenye vyeti. Mnarekebishaje?

Ritifaa (mleta uzi):

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa vitendo, pole nimeshapewa za kutosha.

Tuchukue jina la mfano, Khadija Ng'andu. Si langu, ila maradhi ni yale yale:

- Kwenye simu linaandikwa Hadija, Kadija, hata Hatija.
- Wageni husoma "Nigandu" au "En-gandu".
- Fomu za mtandaoni ama zinaikataa ritifaa (ile alama ya ' katika Ng'), ama zinairudisha hivi: Ng&#39;andu. Orodha nyingine inasema Ngâ€™andu.
- Cheti kimoja kina Khadija, kingine Hadija. Tiketi ya ndege imeandika NGANDU bila ritifaa.

Lipi la kupigania na lipi la kuachana nalo? Naanzia wapi? Na mtu aliyelikosea jina mwaka mzima unamsahihishaje leo bila kumtia aibu?

---

Karani wa Masijala:

Dada, anzia kwenye karatasi. Matamshi yatasubiri.

Chukua daftari, piga mistari ya safu nne: aina ya hati, namba yake, tarehe ilipotolewa, na jina lilivyoandikwa humo herufi kwa herufi, ritifaa na nafasi zikiwemo. Usiandike kwa kukumbuka, weka hati mbele yako. Ukimaliza utaona tahajia ipi imetawala na ipi imezuka katikati.

Kisha tafuta hati mama. Karibu kila mahali ni cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ofisi nyingine zote hukinukuu. Kama hicho ndicho chenye kosa, kirekebishwe kwanza, halafu kitambulisho, halafu pasipoti, halafu benki, kodi na pensheni. Wengi huanzia benki kwa kuwa ndiko kunakouma, kisha kitambulisho kipya kinatoka na tahajia nyingine na kazi inaanza upya. Kila ofisi itakudai hati iliyo juu yake, kwa hiyo teremka, usipande.

Dirishani, jua unaomba nini. Kurekebisha kosa la uandishi na kubadili jina ni maombi mawili tofauti, yenye fomu tofauti. Kosa la uandishi linathibitishwa kwa kuonyesha kwamba ulichojaza ni tofauti na walichochapa, ndiyo maana nakala ya fomu uliyoijaza ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Ukisema "nataka kubadili jina" wakati unataka herufi moja irudishwe, utapelekwa kwenye njia ndefu, na karani hatakuwa na kosa.

Kuhusu hati ya kiapo: inasema tu kwamba Khadija na Hadija ni mtu mmoja. Haisahihishi chochote. Ni daraja la kuvukia wakati unasubiri hati mpya, na humo orodhesha tahajia zote zilizomo kwenye daftari lako, hata ile unayoona haina maana. Ukiacha moja, hiyo ndiyo itakayoulizwa.

Na kabla ya kusaini chochote kilichochapwa, soma jina kutoka nyuma kwenda mbele: a-j-i-d-a-h-k. Ukisoma kuanzia mbele, jicho linaona jina unalolijua na kuruka kosa. Hapo ni sekunde kumi. Baada ya saini ni miezi.

---

Baiti Nane:

Upande wa mashine. Mleta uzi ameweka magonjwa matatu kwenye fungu moja, tuyatenganishe.

Fomu kukataa ritifaa. Katika lugha ya SQL, inayotumika kuzungumza na hifadhidata, alama hiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Waandishi wa programu wavivu huizuia kabisa badala ya kuishughulikia ipasavyo. Huna la kufanya kwenye kibodi yako. Andika Ngandu, usiweke nafasi mahali pa ritifaa. "Ng andu" itasomwa kama majina mawili, na hilo ni kosa kubwa kuliko kukosa alama.

Ng&#39;andu. Hiyo ni ritifaa iliyogeuzwa kuwa msimbo wa kurasa za wavuti, kisha ikageuzwa mara ya pili. Data iliyohifadhiwa inaweza kuwa nzima, na kinachokosea ni ukurasa unaoonyesha. Wapelekee picha ya skrini na sentensi moja: "jina linabadilishwa msimbo mara mbili." Fundi ataelewa.

Ngâ€™andu. Hii ni tofauti kabisa. Ritifaa ziko zaidi ya moja: iliyonyooka (namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, ni U+0027) na iliyopinda (U+2019). Iliyopinda, ikihifadhiwa kwa UTF-8 (usimbaji, yaani namna ya kugeuza herufi kuwa namba za kompyuta), huchukua baiti tatu. Programu inayodhani inasoma usimbaji wa zamani wa Windows huzichukua baiti hizo kama herufi tatu, ndipo unapata â€™. Ndiyo sababu hiyo hiyo é hugeuka Ã©. Mara nyingi hutokea mtu anapofungua faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kwenye Excel kwa kubofya mara mbili. Dawa: aingie menyu ya Data, aingize faili kama maandishi, achague UTF-8 (65001) kwenye asili ya faili. Asijaribu kusahihisha jina moja moja. Akihifadhi na uchafu huo, na majina ya wengine yanaharibika moja kwa moja.

Ritifaa iliyopinda hutoka kwenye simu yako mwenyewe bila wewe kujua. Kwenye iPhone zima Smart Punctuation katika mipangilio ya kibodi. Kisha sajili jina zima kwenye kamusi binafsi ya kibodi, iache kulibadilisha.

---

Lango la Pili:

Tiketi: NGANDU si kosa, acha ilivyo. Kanuni za pasipoti za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga (Doc 9303), haziruhusu ritifaa kwenye ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine. Inaondolewa bila kuachwa nafasi. Kistari kinageuzwa kuwa alama ya <. Kwa hiyo utakuta NGANDU<<KHADIJA, na hivyo ndivyo unavyokata tiketi: fuata mistari ya chini, si ya juu. Kila mstari una nafasi 44, na jina limetengewa 39 tu, kwa hiyo majina marefu hukatwa.

Ukiona KHADIJAMRS pia usishtuke, mfumo umebandika cheo mwishoni mwa jina la kwanza.

HADIJA kwenye tiketi na KHADIJA kwenye pasipoti, hilo ndilo la kupigia simu, na upige mapema kabla ya kujiandikisha kwa safari. Uliyenunua kwake ndiye anayerekebisha: kama ni wakala, shirika la ndege mara nyingi litakurudisha kwake. Mashirika mengi hukubali kurekebisha herufi chache, lakini si kubadilisha jina zima. Tumia neno "kurekebisha", kama alivyosema Karani.

---

Shadda:

Mimi nizungumzie simu, maana Hadija na Hatija huzaliwa huko.

Laini ya kawaida ya simu hupitisha sauti kati ya takriban hezi 300 na 3,400. Sehemu kubwa ya kinachotofautisha S na F iko juu ya hapo, inakatwa. M na N, B na P, D na T nazo hukaribiana mno. Kupaza sauti hakusaidii, kilichokatwa hakirudi.

Lakini tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wa pili ambao hautajwi. Tunachanganya alfabeti mbili. Ukitaja herufi kwa Kiingereza, E inasikika "ii", na anayeandika kwa Kiswahili anaandika I. Ukitaja A inasikika "ei", anaandika E. Na I yako, "ai", inakuwa A na I. Mtu anatamka sahihi, mwingine anaandika sahihi, jina linatoka limeharibika. Kila herufi ipe neno:

K ya kalamu, H ya habari, A ya asali, D ya dirisha, I ya Ijumaa, J ya jirani, A ya asali.

Andika yako kwenye karatasi na utumie maneno yale yale siku zote. Chagua maneno yasiyo na mwenzake: "D ya dada" ni mbaya kwa sababu husikika "tata", "B ya bata" husikika "pata". Kwa wageni tumia ya kimataifa: Kilo, Hotel, Alfa, Delta, India, Juliett, Alfa.

Mwisho mwambie *akusomee* alichoandika. Ukisoma wewe mara ya pili, atakujibu "ndiyo, ndiyo" huku karatasi ina Hatija.

---

Kamusi Hai:

Naongezea kwenye matamshi ya Ng'. Kusema "ni ng' ya ng'ombe" kwa mgeni ni kumpa kitendawili kingine. Kama anajua Kiingereza, mwambie atamke singing, avute katikati, kisha aondoe "si" ya mwanzo. Asitumie finger, kwa sababu mle kuna g kamili inayofuata, na hiyo ni ng ya ngoma. Ulimi unagusa nyuma, hewa inapita puani, hakuna mlipuko. Akianza na "e" au "ni" mbele, ni kwa sababu lugha yake hairuhusu sauti hiyo kuanza neno. Mpe neno la kutangulia linaloishia kwa irabu, kama "mama Ng'andu", aunganishe bila kupumua. Baada ya mara tano au sita "mama" inaweza kuondolewa.

Mkazo: NG'A-ndu, kha-DI-ja. Silabi ya pili kutoka mwisho. Wageni wengi hukosea mkazo kuliko herufi, na ukiuweka sawa jina linatambulika hata kama kh imekuwa k.

Kwenye saini ya barua pepe weka mwongozo kwa tahajia ya msomaji wako, si kwa alama za kifonetiki. ŋ, alama ya sauti ya ng', ni sahihi, lakini wanaoisoma ni sisi wachache. Bora zaidi rekodi sauti. LinkedIn ina sehemu ya kurekodi jina, hadi sekunde 10: sema taratibu mara moja, kisha kwa mwendo wa kawaida mara moja, unyamaze.

---

Njia Fupi:

Mnajitesa. Jiite Didi, tumia Didi kazini, maisha yaendelee.

---

Karani wa Masijala:

@Njia Fupi, kwenye kikombe cha chai sawa. Ukiliacha lipenye kwenye mkataba, mshahara au barua ya uthibitisho wa kazi, umeongeza tahajia ya tano kwenye lile daftari. Kama mtu anataka jina la mkato, liwe kwenye sehemu ya "jina la kuonyeshwa" tu.

---

Baiti Nane:

Na kuna suala la kutafutwa. Baadhi ya mifumo ya kumbukumbu hutafuta majina kwa mlio, kwa mbinu iitwayo Soundex iliyopewa hataza mwaka 1918. Inashika herufi ya kwanza, kisha inageuza konsonanti kuwa tarakimu tatu. Khadija na Kadija zote ni K320. Hadija na Hatija zote ni H320. Maana yake ukiwa umeandikwa Hadija, anayetafuta Khadija kwa mbinu hii hakupati, ingawa imetengenezwa kusamehe makosa. Ng'andu na Ngandu zote N253, hazina shida. Nandu ni N530, imepotea.

Kwa hiyo jibu la "lipi la kupigania": herufi ya kwanza na konsonanti, pigania. Ritifaa kwenye mashine, iache. Ukiambiwa "hupo kwenye orodha", mwombe atafute kwa H, kisha kwa namba ya hati.

Kwa wanaoandika makala za kitaaluma, chukueni ORCID. Ni namba ya tarakimu 16, na unaweza kuorodhesha humo tahajia zako zote nyingine.

---

Shadda:

Swali la mwisho la dada limerukwa. Aliyekosea mwaka mzima: mwendee akiwa peke yake, au mwandikie. Sentensi mbili zinatosha: "Jina langu linatamkwa Kha-DI-ja. Nilipaswa kukwambia mapema." Hiyo ya pili inambebea nusu ya aibu. Usiongeze "lakini si neno", kwa sababu atakuamini na ataendelea vile vile.

Aliyekosea leo kwa mara ya kwanza msahihishe hapo hapo kabla hajalirudia mara tatu: taja jina sahihi, endelea na mazungumzo. Kwenye kikao usimkatize. Omba mwenyekiti alitamke sahihi zamu yako ikifika, wengine watafuata.

Aliye juu yako kwa umri au cheo, tumia mlango wa karatasi: "Naomba jina lisomeke hivi kwenye muhtasari wa kikao, mzee." Hujamsahihisha yeye, umesahihisha muhtasari.

---

Ritifaa (mleta uzi):

Nimeshika. Moja tu: benki imeandika Ng`andu, na ile alama ya juu kushoto ya kibodi. Nayo niiache?

---

Baiti Nane:

Hapana, hiyo waambie waiondoe. Si ritifaa, ni alama nyingine (U+0060), na mfumo unaolinganisha herufi kwa herufi hautaikuta kwenye hati yako yoyote. Wakishindwa kuweka iliyonyooka, waandike Ngandu.